Miaka mitatu na midia ya 2i na LIF: tathmini ya chakula cha seli shina za panya

Tathmini hii inahusu midia, yaani maji lishe ambamo seli hukuzwa, isiyo na seramu (majimaji ya damu) hata tone moja. Msingi wake ni mchanganyiko uitwao N2B27, ambao huongezwa vizuizi viwili, yaani kemikali zinazozima kazi ya protini fulani ndani ya seli, PD0325901 na CHIR99021, pamoja na protini ya LIF; watu wa maabara huiita kwa kifupi 2i na LIF. Nimeitumia kwa miaka mitatu mfululizo kukuza seli shina za kiinitete cha panya katika maabara moja mjini Edinburgh, baada ya kuizoea kwa miaka miwili njia ya zamani ya seramu ya ndama. Ninaandika kwa sababu wanafunzi wanaotoka Afrika Mashariki na kufikia maabara za huku huniuliza swali lile lile kila mwaka: je, midia hii inastahili fedha inayolipiwa, au ni afadhali kubaki na seramu? Jibu langu ni kwamba inastahili, kwa sharti moja ambalo sikulikuta katika karatasi yoyote ya maelekezo niliyopewa pamoja na chupa zake, nalo ni kwamba isifanywe makazi ya kudumu ya seli.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuzishika, seli hizi hutolewa ndani ya kiinitete cha panya chenye umri wa siku tatu na nusu, kabla hakijajipandikiza kwenye mji wa mimba, nazo zina uwezo wa kugeuka kuwa seli ya aina yoyote ya mwili wa mnyama huyo: ya moyo, ya ngozi, ya ubongo, hata ya uzazi. Martin Evans na Matthew Kaufman walifaulu kuzikuza Cambridge mwaka 1981, na mwaka huo huo Gail Martin akafaulu California. Kuzipata ni jambo moja. Kuzizuia zisifanye lile ambalo zimeumbwa kulifanya, yaani kugeuka, ni jambo jingine gumu zaidi. Seli za aina hii zikikosa matunzo kwa siku mbili tatu huanza safari ya kuwa kitu kingine, na zikishafika mbali hazirudi nyuma kwa kubadilishiwa midia. Miaka ya mwanzo zililazwa juu ya tandiko la seli za ulezi, zilizotolewa kwenye vijusi vya panya na kukomeshwa kugawanyika kwa dawa ya mitomaisini au kwa mionzi, huku midia ikiwa na seramu. Mwaka 1988 ilibainika kwamba kitu kikubwa kilichokuwa kikitolewa na seli hizo za ulezi ni protini ya LIF, na tangu hapo maabara nyingi zikaacha ulezi, zikapaka sahani jelatini ya asilimia 0.1, zikatia LIF yuniti 1,000 kwa kila mililita na seramu kiasi cha asilimia 15. Ukoo wa seli ninaoutumia mimi, E14TG2a, uliotengenezwa hapa hapa Edinburgh katika miaka ya 1980, huishi vizuri kwa njia hiyo.

Tatizo la njia hiyo ni seramu yenyewe. Hutoka katika damu ya ndama aliye bado tumboni mwa ng'ombe, na kwa kuwa kila shehena ni damu ya wanyama wengine, hakuna shehena mbili zinazofanana. Shehena moja hulea seli zikang'aa, nyingine, yenye bei ile ile na cheti kile kile, huzifanya zitambae na kujinyoosha kando ya sahani kama kwamba zimechoka. Ndiyo maana desturi ni kuomba sampuli za shehena kadhaa, kupanda seli chache sana kwenye kila kisima, kuzijaribu kwa seramu ya asilimia 5, 15 na 30, kisha baada ya juma moja kuvipaka vikundi rangi inayoonyesha kimeng'enya cha alkalini fosfatasi, ambacho seli shina huwa nacho kwa wingi, na kuvihesabu kimoja kimoja. Asilimia 30 inawekwa makusudi ili kuona kama seramu ina sumu, kwa maana seramu mbaya huua pale inapozidishwa. Nimeifanya kazi hiyo mara tatu. Ni kazi ya haki na nimejifunza mengi kutokana nayo, lakini kila mara ilinilia majuma matatu, na mwisho wake ni kununua shehena nzima kwa mkupuo, kuijaza friza, na kuomba isiishe kabla ya utafiti.

Hata shehena bora haiondoi doa la pili, ambalo kwangu ndilo zito zaidi. Katika seramu, seli za sahani moja hazifanani. Nyingine zina kwa wingi Nanog, protini inayozishikilia zisigeuke, nyingine hazina kabisa, na zile zisizo nayo ziko karibu na mlango wa kutoka. Jeni ya Nanog ilipewa jina lake katika mji huu mwaka 2003, kutokana na Tír na nÓg, nchi ya vijana wa milele katika hadithi za Kiselti, na kila ninapoipaka rangi na kuona nusu ya kikundi kikiwaka na nusu kikiwa giza, hukumbuka kwamba ujana huo wa milele, ndani ya seramu, ni wa baadhi tu. Mtafiti anayepima kitu katika sahani kama hiyo hupata wastani wa seli za hali mbili, kisha akaudhania kuwa ni hali ya seli moja.

Qi-Long Ying, Austin Smith na wenzao ndio walioieleza midia ya 2i mwaka 2008, na ubora wake unatokana na wazo ambalo bado naliona la ajabu. Watu wengi walikuwa wakitafuta kitu cha kuziambia seli zibaki. Wao walitafuta sauti inayoziambia ziondoke, wakaizima. Seli hizi zenyewe hutoa protini ya FGF4, ambayo huzirudia na kuamsha ndani yake njia ya ishara ya protini za MEK na ERK, na hiyo ndiyo amri ya kuanza kugeuka. PD0325901 hukata njia hiyo kwenye MEK. CHIR99021 nayo huzuia kimeng'enya cha GSK3, protini ya beta-katenini ikaongezeka ndani ya seli na kulegeza mkono wa Tcf3, protini inayozikandamiza jeni za ushina, yaani zile zinazozifanya seli zibaki seli shina. LIF hupitia protini ya STAT3 na kuzipa seli nguvu ya ziada. Viwili vyovyote kati ya vitatu hivyo hutosha kuziweka seli katika hali yake, na hilo ni faraja kubwa kwa mtu wa kazi, kwa sababu upungufu mdogo wa kimoja hauangushi sahani nzima.

Lakini msingi wenyewe, N2B27, haulindi ushina hata kidogo, na mnunuzi anapaswa kulielewa hili kabla ya kutoa fedha. N2 na B27 ni virutubisho vilivyobuniwa kwa ajili ya seli za neva. Ukiziweka seli shina katika N2B27 tupu, bila vizuizi na bila LIF, baada ya siku chache nyingi kati yake huwa seli tangulizi za neva. Wapo wanaozitaka hizo, nao huitumia midia hii hii kwa kazi hiyo. Kwa hiyo chupa mbili zinazofanana kwa rangi na harufu, moja ikiwa na matone machache ya vizuizi na nyingine ikiwa haina, huzipeleka seli pande mbili zilizo mbali kabisa. Katika maabara yetu chupa yenye vizuizi hufungwa utepe mwekundu shingoni saa ile ile inapochanganywa, na haifunguliwi chupa isiyo na tarehe.

Kuzihamisha seli kutoka seramu kwenda 2i kulinitisha mara ya kwanza. Siku ya pili sehemu kubwa ilikuwa ikielea ikiwa imekufa, na nilidhani nimekosea vipimo. Sikuwa nimekosea, zilizokufa ni zile zilizokuwa zimekwisha kuanza kugeuka, ambazo midia hii haizilishi. Baada ya kuzigawa, yaani kuzibandua na kuzipanda kwenye sahani mpya, mara ya tatu zilizobaki zilikuwa zimetulia, na nilipoziangalia kwenye hadubini nilielewa kwa nini wenzangu hawataki kurudi nyuma. Vikundi vilikuwa vya mviringo, vimeinuka kama kuba, vina ukingo unaong'aa, na mipaka ya seli moja moja ndani yake haikuonekana kwa urahisi. Hakukuwa na seli zilizotambaa pembeni. Nilipozipaka rangi ya Nanog, kikundi kizima kiliwaka.

Huo ndio uzuri wake wa kwanza katika matumizi ya kila siku: midia hii inasema kweli mapema. Seli iliyoharibika haijifichi kati ya wenzake kwa majuma, bali hufa na kuelea ndani ya siku mbili. Mwanafunzi anayeanza hujifunza haraka zaidi kwa 2i kuliko kwa seramu, kwa sababu kikundi kizuri na kibaya hutofautiana waziwazi, na jicho lake halihitaji miezi sita ili lizoee.

Matunzo yanataka mkono tofauti kidogo. Inkubeta ni ile ile, nyuzi 37 na kabonidayoksaidi asilimia 5. Seli hupandwa kiasi cha 15,000 hadi 20,000 kwa kila sentimita ya mraba, na hugawanywa kila baada ya siku mbili au tatu, kabla kuba halijawa kubwa na kiini chake kuwa cheusi, maana weusi huo ni seli zinazokufa kwa kukosa chakula. Katika seramu, tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua seli, hunyamazishwa na seramu yenyewe mara tu unapoitia. Hapa hakuna kitu cha kuinyamazisha, kwa hiyo ni lazima seli zioshwe kwa midia isiyo na kimeng'enya na kuzungushwa kwenye sentrifuji, la sivyo mabaki ya tripsini yataendelea kuzila ndani ya sahani mpya. Niliona vifo visivyoelezeka kwa majuma kadhaa mpaka mwenzangu mmoja, fundi wa maabara mwenye uzoefu mrefu, aliponitazama nikifanya kazi na kuniambia nizioshe. Tangu siku hiyo nimeacha tripsini kali na kutumia kimeng'enya laini zaidi, na sijajuta.

Udhaifu mmoja wa wazi ni kushika. Juu ya jelatini, vikundi vya 2i hushika kwa unyonge, na ukimwaga midia kwa haraka unaweza kuondoka na nusu ya mazao. Mimi huinamisha sahani, huvuta midia polepole kutoka pembeni, na huongeza mpya kwa kuitiririsha ukutani. Laminini, protini ya kupaka sahani, hushikisha vizuri zaidi, lakini bei yake ni kubwa na kwa kazi ya kawaida sioni haja yake.

Sasa nifike kwenye ununuzi, ambapo nina malalamiko. Kuna njia mbili: kununua midia iliyokwisha kuchanganywa, au kununua viungo na kuchanganya mwenyewe. Nimejaribu zote mbili. Midia iliyo tayari inaokoa muda, na kwa maabara yenye watu wawili watatu wasio na ujuzi ni chaguo la busara, lakini gharama yake kwa lita ilikuwa nzito kwetu, na muda wa kuishi baada ya kuyeyushwa ni mfupi. Tulipoanza kuchanganya wenyewe tulipata nafuu kubwa, kwa sababu vizuizi hutumika kidogo mno. Ukiyeyusha kila kizuizi katika kiyeyusho cha DMSO kwa nguvu ya milimola 10, mililita 100 za midia zinahitaji mikrolita 10 tu za PD, ili kufikia mikromola 1, na mikrolita 30 za CHIR, ili kufikia mikromola 3. Chupa ya LIF yenye yuniti milioni 10 hutosha lita 10 nzima. Kinachokula fedha ni B27.

Na B27 ndiyo iliyoniumiza. Mwaka wa pili tulinunua kirutubisho cha aina hiyo kutoka kwa muuzaji mwingine, kwa bei nafuu, na kikafika kikiwa na alama za kuyeyuka na kuganda tena njiani. Tulilalamika, tukajibiwa kwamba hakina neno. Tulikitumia. Siku ya tatu vikundi vilianza kupasuka kwenye sahani zote isipokuwa mbili zilizokuwa na chupa ya zamani, na tulipoteza seli zilizobadilishwa jeni kwa kazi ya miezi minne, ambazo bahati nzuri tulikuwa na mirija michache yake kwenye naitrojeni kimiminika. Sitaji jina la muuzaji huyo. Ninalolisema kwa nguvu ni kwamba katika midia isiyo na seramu hakuna kitu cha kuziba pengo la kiungo kibovu; seramu, pamoja na kasoro zake zote, ina maelfu ya protini zinazoweza kusamehe kosa, ilhali 2i haisamehi. Kila shehena mpya ya B27 sasa tunaijaribu kwa sahani chache kwa siku sita kabla ya kuiruhusu iguse seli za thamani, na kisanduku kilichofika bila barafu kavu tunakirudisha mlangoni.

Nakuja kwenye sharti nililolitaja mwanzoni. Kwa muda mrefu watu, nami nikiwemo, tuliamini kwamba kama seli zinaonekana changa na zenye kufanana, basi ni nzima, na zinaweza kuachwa katika 2i miezi na miezi. Mwaka 2017 tafiti mbili zilizochapishwa katika jarida la Nature zilionyesha kwamba kuizuia MEK kwa muda mrefu huifuta metili, alama za kikemikali zinazoongoza kazi ya jeni, kwenye DNA ya seli, pamoja na zile alama maalumu zinazotofautisha nakala ya jeni iliyotoka kwa baba na ile iliyotoka kwa mama, na kwamba seli zilizokaa hivyo hupoteza sehemu ya uwezo wa kujenga mnyama kamili. Alama hizo zikishafutika hazirudi kwa kuzirudisha seli katika seramu. Jambo linaloumiza ni kwamba kwenye hadubini huoni chochote: kuba ni zuri, Nanog inawaka, ukuaji ni wa kasi. Mtu anayetaka kuzitia seli zake kwenye blastosisti, yaani kiinitete kichanga, ili apate panya, au anayechunguza jeni zenye alama za wazazi, anaweza kujenga kazi ya mwaka mzima juu ya seli ambazo zimekwisha kupungukiwa.

Kwa hiyo sisi tumejiwekea mpaka. Seli hukaa katika 2i kwa kugawanywa mara zisizozidi 10, kisha sahani hutupwa na mrija mpya wa akiba ya mwanzo hufunguliwa. Akiba hiyo hugandishwa mapema, mirija mingi kwa siku moja, katika DMSO ya asilimia 10, ikishuka kiasi cha nyuzi moja kwa dakika hadi nyuzi 80 chini ya sifuri, na kesho yake ikahamishiwa kwenye naitrojeni. Kila mara tunapoanza mradi tunahesabu kromosomu, ambazo kwa panya ni 40, kwa kuwa seli zenye nakala ya tatu ya kromosomu ya 8 hukua haraka kuliko wenzake na kuitwaa sahani bila kelele. Midia hii haizuii hilo, na seramu haizuii pia. Vilevile tunapima maikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli, kwa PCR, kipimo cha DNA, na hatutii viuavijasumu ndani ya midia, kwa sababu penisilini haina nguvu juu ya kijidudu kisicho na ukuta wa seli, kazi yake ikabaki kuficha uchafu wa mikono yetu.

Nani asiinunue? Ambaye maabara yake tayari ina shehena nzuri ya seramu, anayekuza seli kwa wingi kwa ajili ya kutoa DNA au kujaribu vekta, yaani vibebea jeni, hana sababu ya kulipa zaidi. Anayeunda panya kwa kuziingiza seli kwenye kiinitete, na amezoea tandiko la ulezi, afikiri mara mbili kabla ya kuacha njia inayompa watoto. Kwa upande mwingine, anayetaka kutoa koo mpya za seli kutoka kwa viinitete hana chaguo bora: koo za panya aina ya 129 zilipatikana tangu zamani bila 2i, lakini panya aina ya NOD walikuwa wakigoma mpaka midia hii ilipokuja, na mwaka 2008 ndiyo iliyowezesha pia kupatikana kwa seli shina za kiinitete cha panya mkubwa wa maabara, aitwaye rat kwa Kiingereza, baada ya miaka mingi ya majaribio yaliyoshindwa. Seli za binadamu ni habari nyingine kabisa, zinataka FGF badala ya kuizuia, na asidhani mtu kwamba chupa hii itazifaa kama ilivyo.

Wanaoniuliza kutoka Nairobi, Dar es Salaam na Kampala huanza na bei, lakini mimi huwaambia waanze na baridi. Vizuizi vilivyo unga husafiri vizuri, na LIF hukaa kwenye friji ya kawaida. B27 ndiyo inayotaka nyuzi 20 chini ya sifuri njia nzima, hadi ndani ya friza yako, na friza hiyo inahitaji umeme usiokatika. Naitrojeni kimiminika si kitu kigeni kwetu, kwa kuwa wahimilishaji wa ng'ombe wa Usa River kule Arusha na wa Kabete karibu na Nairobi wameishi nayo miaka mingi, na mtu anayeanza maabara ya seli angefanya vizuri kwenda kuwauliza wanavyoipata na kuitunza kabla ya kuagiza mtungi kutoka ng'ambo.

Kwa upande wetu, oda ya mwaka huu imekwenda: PD na CHIR za unga, LIF chupa moja, N2 tunayoichanganya wenyewe, B27 ya shehena moja tuliyokwisha kuijaribu, na lita moja ya seramu nzuri ya ndama, ambayo sikutaka iondolewe kwenye orodha.